Furaha Gani?

Katika miaka ile ya tisini, mtu aliyejua Kiingereza kuliko wote mjini Migori alikuwa mimi. Habari hizo nilizipata kutoka kwangu mwenyewe, na sikuona sababu ya kuzitilia shaka. Nilikuwa na duka la vitabu na kalamu karibu na stendi, duka jembamba ambalo wateja wawili wakiingia wa tatu husubiri nje. Nyuma ya kaunta niliweka kamusi nene ya Kiingereza. Ilikuwa ya kuuzwa kama bidhaa nyingine, ila kila aliyeiulizia nilimtajia bei ya kumfukuza. Mchana wateja wakipungua niliifungua nikasoma, na jioni nilifika nyumbani na neno jipya la kumjaribia mke wangu.

Mke wangu ni Bhoke, binti ya Mzee Maroa wa Ntimaru. Mimi ni Motari, Mkisii. Kikuria na Kikisii ni lugha zinazosikizana kiasi cha kutosha watu kugombana, kwa hiyo tulipooana Bhoke aliamua nyumbani tuzungumze Kiswahili, asiwepo wa kumcheka mwenzake. Mkataba huo niliuvunja mimi kwa kuingiza Kiingereza. Bhoke akisema mteja fulani amempendeza, mimi nilitaka kujua amempendeza kwa kiasi gani, na Mwingereza angeliitaje pendezo hilo. Yeye ni fundi wa nguo. Kutwa nzima alikaa na cherehani yake kwenye veranda moja sokoni, akipima watu viuno na mabega. Sidhani alihitaji kurudi nyumbani ili apimwe yeye.

Jambo moja lilimuuma Bhoke tangu arusi yetu. Baba yake alipokea ng'ombe wa mahari, akawaangalia meno mmoja mmoja, na tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga kwetu. Alisema, na maneno yake yakaletwa hadi dukani kwangu, kwamba hawezi kwenda kula kwa mwanamume anayefuga kalamu. Bhoke alicheka aliposikia. Usiku alilia, akidhani nimelala.

Sasa nifike kwenye ile jioni ya mwezi wa Julai. Nilikuwa nimekaa sebuleni, kamusi mapajani, nimefika kwenye herufi ya J. Bhoke aliingia akicheka, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni, mkanda wa kupimia bado unaning'inia, akasimama mbele yangu akaniambia, "Motari, leo nina furaha."

Mume mwenye akili timamu angeuliza kuna nini. Mimi nilimwuliza, "Furaha gani?"

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba Mwingereza hana furaha moja, ana happiness, ana joy, ana delight, ana gladness, ana bliss, na kila moja ina mahali pake na wakati wake, ila Kiswahili kimezitupa zote kwenye gunia moja. Nikamwomba achague yake ni ipi, tuanzie hapo. Nakumbuka nilinyoosha na kidole, kama mwalimu. Bhoke aliniangalia, kicheko kikamtoka usoni polepole. Akavua mkanda, akaingia jikoni, akapika, tukala. Asubuhi alifunga nguo zake akaenda Rongo kwa shangazi yake Teresa.

Sikushtuka. Nilijiambia kwamba ameacha cherehani, na fundi hawezi kuacha cherehani. Kabla wiki haijaisha akaja mwanamume na mkokoteni, akasema ametumwa kuichukua hadi stendi, kwenye gari la Rongo. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimsaidia kuipakia, nikaifunga kwa kamba mwenyewe ili isianguke njiani, kisha nikarudi ndani nikakaa nikitazama mahali ilipokuwa ikiwekwa jioni.

Nilikwenda Rongo. Shangazi Teresa hakunifungulia lango. Alinitolea kigoda nje, nikakaa barabarani kama mwuza ndizi, naye akasimama upande wa ndani akanieleza furaha ile ilikuwa gani. Siku ile sokoni, Bhoke alikuwa ameletewa ujumbe kutoka Ntimaru. Mzee Maroa amekubali. Atakuja kwetu, atakaa, atakula, Jumapili ya kwanza baada ya makambi ya kanisa.

"Mtoto alikimbia kukuambia baba yake anakuja," Teresa akasema. "Wewe ukampa mtihani."

Teresa akaendelea kusema kwamba Bhoke hawezi kumpokea baba yake katika nyumba ambayo mtu hufanya mtihani kabla ya kucheka. Akanipa muda. Bhoke angekuja makambini Migori kama kila mwaka, na yeye Teresa angekuja naye kumlinda, ingawa ni Mkatoliki. Makambi yakifungwa jioni ya Sabato, yaani Jumamosi, kabla Bhoke hajakubali kurudi kwangu, atatuma mtu Ntimaru usiku huohuo amwambie mzee asije, na badala yake aje kijana kutupangia siku ya kurudisha ng'ombe.

Mtu mwingine angepiga magoti pale pale langoni. Mimi nilirudi Migori nikiwaza kwamba dawa ya mambo haya ni Bhoke anione nikiwa jukwaani.

Lazima nieleze. Makambi ni mikutano yetu Waadventista ya kila Agosti, watu wanahamia uwanjani wiki nzima, wanalala kwenye mahema, wanaimba, wanasikiliza mahubiri. Mwaka ule mhubiri alikuwa Pasta Hollis, Mmarekani mwekundu wa shingo, aliyekuja na mke wake. Mimi nilikuwa mkalimani wake, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa ajili ya Wakuria, Wakisii na watu wengine wa mjini. Upande wangu wa kushoto alisimama Mwalimu Zablon, ambaye aliyatoa maneno yangu ya Kiswahili akayapeleka kwa Kijaluo, kwa sababu nusu ya uwanja ilikuwa Wajaluo na Kiingereza cha Hollis kilipitia puani mno kwake. Kwa hiyo sentensi moja ilisemwa mara tatu kabla ya kutua.

Na ukalimani wa kanisani una kanuni ambayo kila mtu kwetu anaijua hata bila kufundishwa: mkalimani hayupo. Mhubiri akisema mimi, nawe unasema mimi. Akilia, unalia. Mwaka mmoja nilitangaza kwa sauti kubwa kwamba mimi nilizaliwa Texas na baba yangu alikuwa mlevi, na baba yangu mzazi, ambaye hajawahi kuonja hata busaa, alikuwa amekaa benchi la mbele akiitikia Amina. Zablon naye alisema "An", yaani mimi, na kila Mjaluo alijua kwamba si Zablon.

Kulikuwa pia na koti. Lilikuwa koti jeusi la kanisa, la mkalimani mkuu tu, na lilikaa kwa Mzee Nyamweya, mwenyekiti wa makambi, mtu mrefu asiyependa kelele. Aliponivisha wiki ile aliniambia kwamba nikifanya kazi vizuri, nitafuatana na Pasta hadi Homa Bay, ambako makambi yangekuwa ufukweni mwa ziwa na watu wakubwa wangehudhuria. Nililala nikiwa nimelitundika koti mahali ambapo ningeliona nikifumbua macho.

Sabato ya mwisho ikafika. Jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya turubai, na uwanja ulijaa hadi kwenye mashamba ya miwa. Bhoke alikuwa benchi la tatu upande wangu, amevaa gauni la samawati alilolishona mwenyewe. Teresa alikaa kando yake na chupa ya chai kati ya miguu, chai ya majani, katikati ya watu ambao hawaigusi. Nilisimama wima. Nilijiona mzuri sana.

Pasta Hollis akafungua Biblia, akatangaza somo la siku. Somo lilikuwa tofauti kati ya happiness na joy.

Sina budi kukiri kwamba nilifurahi. Neno lile nilikuwa nimelisoma, ukurasa wake naujua, na mke wangu yuko pale mbele anasikiliza. Pasta akasema kuna happiness, na kuna joy. Nikafungua mdomo nikasema, "Kuna furaha, na kuna furaha."

Zablon akasema kwa Kijaluo, kisha akanigeukia. Pasta akasema watu wengi hudhani ni kitu kimoja, lakini sivyo, happiness si joy. Nikasema furaha si furaha. Akasema mtu anaweza kuwa na happiness maisha yake yote na asiijue joy. Nikasema mtu anaweza kuwa na furaha maisha yake yote na asiijue furaha. Minong'ono ikaanza. Mama mmoja aliyekuwa akiandika mahubiri alifunga daftari lake akaliweka mfukoni.

Nikajaribu njia nyingine. Nilisema happiness ni raha. Vijana wa nyuma wakacheka, maana raha Migori miaka ile ilikuwa ng'ambo ya daraja, na ilianza saa mbili usiku kwa muziki. Mzee Nyamweya akakohoa. Nikaiacha raha, nikasema joy ni shangwe. Bahati mbaya neno hilo ndilo nililotumia wiki nzima kuwaita wanakwaya, na kwaya yote ya Rongo ikasimama, ikaanza kuimba. Pasta Hollis, aliyedhani amewagusa, alifumba macho akatikisa kichwa kwa kuridhika mpaka ubeti ukaisha.

Hapo akaona afafanue kwa mfano. Akasimulia habari za mchezo wa kwao, sijui rungu, sijui mpira, watu wanakimbia kuzunguka kiwanja na kurudi walikotoka, na jinsi baba yake alivyompeleka kuutazama alipokuwa mtoto. Sikuelewa hata robo. Mkalimani mwenye uzoefu hashindwi na hilo. Mfano wa mgeni usipoeleweka unaubadilisha, unaweka wa nyumbani, na mhubiri hajui kitu. Theluji ya Ulaya nilikuwa nimeshaigeuza ukungu wa Kisii mara nyingi. Kwa hiyo nikatafuta mfano wa karibu, na wa karibu zaidi alikuwa benchi la tatu, mikono mapajani, ananitazama.

"Mimi nilikuwa na mke," nikasema. "Jioni moja aliingia nyumbani akicheka, akaniambia ana furaha. Nami badala ya kumwuliza kuna nini, nilimwuliza ni furaha gani. Ile aliyoingia nayo yeye ndiyo joy. Ile yangu, ya kujua jina lake, ilikuwa happiness tu, na haikunifikisha hata asubuhi. Sasa mke wangu hayuko, na nyumba ni kimya."

Sauti ilinikatika mwishoni. Sikuigiza. Kwa mara ya kwanza tangu Julai nilikuwa nimesema jambo la kweli, na nilijisikia mwepesi na mwenye aibu kwa pamoja.

Kisha kilio kikaanza upande wa Wajaluo, kwa sababu Zablon hakuridhika na mfano wangu mkavu na aliuongezea mvua, mtoto mgongoni, na mbwa aliyemfuata mama hadi barabarani. Kikahamia upande wetu. Akina mama walijifuta machozi kwa leso. Nilijawa na shukrani kwa watu wangu, hadi nilipoona kwamba hakuna hata mmoja anayenitazama mimi. Wote walikuwa wanamtazama Pasta Hollis.

Naye Pasta alipoona jinsi mchezo wa rungu ulivyowaliza watu wa Migori, aliguswa. Alitoa kitambaa akapangusa macho. Basi, yakaisha. Hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine. Kwenye benchi la kwanza Bi Hollis alikuwa akitabasamu kwa watu wote, na nyuma yake nilisikia mama mmoja akimwuliza mwenzake, "Na huyu basi ni nani?"

Wakati wa chakula cha mchana mambo yalizidi. Akina mama walimpakulia Pasta sahani mbili. Mkewe alipata baada ya watoto. Kisha wazee wakiongozwa na Nyamweya wakaingia kwenye hema la wageni, wakavua kofia, wakampa Pasta pole kwa kuachwa, wakamwambia asikate tamaa, Mungu anaona. Nikamfasiria kwamba wanamshukuru kwa somo zuri. Pasta akasema imekuwa joy kubwa kwake. Nikawaambia wazee anasema amewasikia. Baada yao ikaja kamati ya akina mama na kuku wa kutaga, wa kumsaidia mwanamume asiye na wa kumpikia. Pasta alimpokea kwa mikono miwili, akageuka, akamkabidhi mkewe amshike. Akina mama walitoka bila kuaga.

Mimi nilitoka nikamtafuta Bhoke. Alikuwa amekaa chini ya turubai na Teresa. Aliponiona aliziba mdomo kwa leso, mabega yakawa yanatikisika. Sikuweza kujua kama analia au anacheka, na Teresa alinipungia mkono kama anayefukuza kuku, nikarudi nilikotoka.

Kabla ya ibada ya alasiri Mzee Nyamweya alinishika mkono akanipeleka pembeni. Aliongea polepole. Alisema wazee wamekaa, na hawawezi kumwacha mtu aliyeachana na mke mmoja na anayetembea na mwingine asimame madhabahuni hadi jambo hilo lielezwe. Habari zilikuwa zimeshapanda gari kwenda Homa Bay, na huko kamati ingeuliza. Kwa hiyo yeye atauliza swali mbele ya watu, mimi nimfasirie Pasta, Pasta ajibu, nami nifasiri jibu. Akaninyoosha kola ya koti. Akasema jambo hili likiisha kwa amani, kesho kutwa niwe tayari kwa safari ya Homa Bay.

Tukapanda jukwaani. Nyamweya akashika maiki akauliza, kwa heshima nyingi, mke wa kwanza wa Pasta yuko wapi.

Kazi ilikuwa rahisi. Nilimgeukia Pasta nikamwuliza kwa Kiingereza kama ameipenda Migori. Alijibu kwa furaha, ya aina zote, kwamba ameipenda mno, watu ni wakarimu, wamempa hata kuku. Akamaliza. Uwanja ukangoja. Jibu la kuwatuliza wote nilikuwa nalo tayari, fupi, lisilo na madhara kwa mtu: Mke wangu alikufa. Mjane anaweza kuoa. Pasta angehubiri, Bi Hollis angepata chakula, nami ningekwenda Homa Bay na koti.

Nikashika maiki nikasema, "Mke wangu..."

Bhoke alikuwa ananitazama. Nikaona kwamba neno linalofuata nitalisema kwa mdomo wangu, kwa mimi ileile, naye atalisikia kwa Kiswahili, lugha aliyoichagua yeye ili tusichekane. Watu wote uwanjani wangejua kwamba anayesema ni Pasta. Yeye asingejua hivyo. Nilitamani jenereta izime.

"Mke wangu yuko pale," nikasema. "Benchi la tatu. Hii mimi si ya Pasta. Ni yangu, Motari wa duka la kalamu. Mke wa Pasta ni huyuhuyu mmoja aliyeshika kuku. Aliyeachwa ni mimi, na sababu mmeisikia asubuhi."

Zablon, mtumishi mwaminifu, aliyatoa maneno yote kama yalivyo, kwa nafsi ileile. Kwa Kijaluo alitangaza kwamba mke wake yuko pale benchi la tatu, na kwamba aliyeachwa ni yeye. Kwenye benchi la tatu upande wa Wajaluo, mkewe Jerusha aliweka chini kitabu cha nyimbo, akasimama taratibu, akakunja mikono. Nusu ya uwanja ikamgeukia. Zablon alimwona, na kwa mara ya kwanza katika historia ya makambi mkalimani alijitetea. "Ok an," akasema, si mimi, akinielekezea kidole. "Ok an, Jerusha." Hapo uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko, lugha zote kwa pamoja, bila mkalimani.

Pasta Hollis aliniuliza kuna nini. Nilimweleza yote kwa Kiingereza, na Kiingereza changu, kilichokuwa bora kuliko vyote Migori, kilitoka kikigongana kama cha mtoto wa darasa la nne. Alinisikiliza hadi mwisho. Mkewe ndiye aliyecheka kwanza, akacheka hadi kuku akamponyoka. Mzee Nyamweya hakucheka. Alinyoosha mkono akaniambia, "Lete koti."

Nilivua mbele ya watu wote. Zablon alivishwa pale pale, mikono ya koti ikamfunika vidole. Nikashuka na shati langu lililokuwa limetoboka kwapani, jambo ambalo koti lilikuwa limenisitiri wiki nzima. Nilipoinua macho Teresa alikuwa amesimama, ameshika chupa yake ya chai, anamwongoza Bhoke kutoka nje ya turubai. Nikajua imekwisha. Nilihisi huzuni ambayo ningeweza kuitajia majina mengi ya Kiingereza, na sikukumbuka hata moja.

Walipita karibu nami. Teresa alitazama mbele. Bhoke alipunguza mwendo, akaangalia lile tundu la shati kama fundi, kisha akasema bila kunitazama usoni, akimtaja baba yake kwa Kikuria, "Tata hali ugali wa mahindi. Anakula wa wimbi."

Akaenda zake. Nilibaki nimesimama hapo hadi nyimbo zikaanza.

Jumapili alfajiri nilikuwa wa kwanza kwenye mashine ya kusaga, na gunia dogo la wimbi begani. Watu waliopanga foleni nyuma yangu waliniuliza habari za mke wangu wa Marekani. Niliwajibu kwamba hajambo. Niliporudi nyumbani mkokoteni ulikuwa mlangoni, cherehani imefungwa juu yake kwa kamba zilezile nilizoifungia mimi, na Bhoke alikuwa ndani anafagia kama mtu aliyekuta mambo ambayo hakuyatarajia. Nilishusha cherehani, nikaiweka mahali pake, nikatoa shati langu lililotoboka akalichukua.

Mzee Maroa alifika adhuhuri, mtu mfupi, kofia ya mkonge, fimbo mkononi. Aliizunguka nyumba yetu kwanza kwa nje. Kisha akaingia, akakaa, akanawa. Alikula, nami nikala mbele yake, na kutoka jikoni nilisikia Bhoke akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwao ambao sikushika maana yake yote, na sikuuliza.

"Bado unafuga kalamu?" mzee akaniuliza.

Nikamwambia bado, Tata. Akauliza kama zinazaa. Nikamwambia kidogo, na kamusi nimemwuzia Zablon asubuhi hiyo, kwa bei ya kawaida, kwa sababu yeye ndiye anayekwenda Homa Bay. Mzee alitafuna akilifikiria hilo. Akasema amesikia kwamba nililia mbele ya watu. Akasema pia kwamba ugali umeiva vizuri, kisha akavuta sahani karibu na kuegemea, kama mtu ambaye hana haraka ya kuondoka.

Nikashindwa kujizuia. "Tata," nikamwambia, "leo nina furaha."

Wimbo wa jikoni ulikatika. Bhoke akatokea mlangoni, bakuli mkononi, mkanda wa kupimia shingoni, akaegemea mwimo.

"Furaha gani?" akauliza.

Mzee Maroa akaacha kutafuna, akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akangoja. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Bhoke aliniangalia hivyo hivyo, kisha kile kicheko cha Julai kikarudi usoni mwake, akaja akaniongezea ugali.